Mume Alitoka Kutupa Taka, Akaniachia Duka na Dhamana ya Baba Yake

"Natupa taka, nakuja sasa hivi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia mume wangu.

Ilikuwa asubuhi, ule muda ambao duka linajaa kuliko wakati wowote. Wanafunzi wanataka mikate ya krimu, mafundi wanataka kahawa ya moto, wavuvi wametoka mnadani wanataka sigara na wali uliofungwa kwenye mwani. Foleni ilikuwa imefika kwenye jokofu la aiskrimu.

Noriaki akabeba mifuko ya taka, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikaendelea na kazi.

"Karibu sana. Nikupashie moto? Asante sana. Karibu sana..."

Foleni ilipopungua nikaenda nyuma kumwangalia.

Mifuko ilikuwa imepangwa vizuri kwenye kizimba cha taka. Juu ya kifuniko kulikuwa na shati lake la kazi, lile la mistari lenye nembo ya kampuni, limekunjwa kama vile linauzwa. Beji yenye jina lake ilikuwa juu ya shati.

Gari halikuwepo.

Nikasimama pale nikiliangalia lile shati... kengele ya mlango wa mbele ikalia. Mteja kaingia.

Unajua nilifanya nini, msomaji wangu?

Nilirudi kaunta, nikasema, "Karibu sana."

Naitwa Ninomiya Chizuru. Duka letu lilikuwa Yawatahama, mji wa bandari huku Japani, barabara ya kushukia bandarini. Jina la kampuni nalihifadhi, sitaki kuitwa tena mahali popote.

Ila lazima niwaeleze kidogo kuhusu duka lenyewe, la sivyo hamtaelewa kwa nini sikuondoka siku ileile.

Ukipita barabarani ukaona bango linang'aa, unadhani duka ni la kampuni. Siyo. Bango ni la kampuni, jina ni la kampuni, bidhaa unaagiza kwa kampuni. Hasara ndiyo ya kwako.

Mauzo ya kila siku unayatuma makao makuu. Wanakata chao kwanza, wewe unapata kilichobaki. Chakula kikipitisha muda unakitupa kwa gharama yako. Usipouza vizuri, deni lako kwa kampuni linakua lenyewe, kimyakimya. Na duka halifungwi. Hata siku ya mwaka mpya, hata siku ya kimbunga.

Mkataba ni wa miaka mingi. Ukiacha katikati, unalipa faini ya kukutoa roho.

Na ili upewe hilo bango, mnasaini mke na mume kwamba mnabeba deni lote kwa mali zenu wenyewe. Halafu mnaleta na mtu wa tatu, mdhamini. Nyinyi mkishindwa, yeye analipa kama vile alikopa mwenyewe.

Mdhamini wetu alikuwa baba mkwe wangu, mzee Tatsuji. Mkulima wa machenza. Ana nyumba kubwa mlimani aliyojenga babu yake, na mashamba ya matuta yanayoangalia bahari.

Siku ya kusaini alikuja mjini Matsuyama, ofisi za kampuni, amevaa suti yake ya misibani, maana hakuwa na nyingine.

Afisa wa kampuni akamuuliza, "Mzee, umeelewa? Hawa wakishindwa tunakuja kwako."

Mzee akasema, "Kwani wana mpango wa kushindwa?"

Watu wakacheka. Akagonga muhuri wake, maana kwetu muhuri ndio sahihi, tukaenda kula tambi.

Sasa turudi siku ile ya taka.

Polisi niliwapigia. Wakaja, wakaangalia, wakaniambia hakuna dalili ya fujo, mtu mzima akiamua kuondoka ana haki ya kuondoka.

Mchana akaja Kuwabara. Huyu ndiye kijana wa kampuni aliyekuwa anasimamia maduka ya eneo letu. Mpole, tai imenyooka, hajawahi kupaza sauti.

"Pole sana, Bi Ninomiya. Polisi wamesemaje?"

"Wamesema ana haki ya kuondoka."

"Aisee..."

Akaangalia sakafu. Akaangalia rafu ya mikate.

"Na zamu ya jioni anaingia nani?"

"Mimi."

"Na ya usiku?"

"Mimi."

"Basi jitahidi kupumzika katikati," akasema. Na kweli alimaanisha, si kwamba alikuwa ananidhihaki.

Wiki hiyo nilienda ofisi za mji, kuna siku wanasheria wanatoa ushauri bure. Nikakutana na mama mmoja mtu mzima, miwani imemshuka puani.

"Una mali gani?"

"Sina. Tulikuwa na gari, ameondoka nalo."

"Basi kwako ni rahisi. Unatangaza kufilisika mahakamani, deni lako linafutwa, unaanza upya."

"Hivyo tu?"

"Kwako wewe, hivyo tu. Kuna mdhamini?"

"Baba mkwe."

"Ana nyumba?"

"Anayo. Na mashamba."

Akavua miwani.

"Basi ndiko watakakokwenda. Deni likifutwa kwako, kwake halifutwi. Linamwangukia yeye lote."

Nikamshukuru, nikarudi dukani.

Jioni yake akaja wifi yangu, Satsuki, dada yake Noriaki. Macho yamevimba. Akaingia, akapita kaunta, akapiga magoti palepale sakafuni, kati ya mikate na magazeti, paji la uso linagusa chini.

"Wifi, nakuomba..."

"Satsuki, inuka. Wateja wanaangalia."

"Waangalie. Baba umri umeenda. Ukifunga hili duka nyumba inaondoka, mashamba yanaondoka. Atalala wapi? Kwangu? Mimi na watoto tunabanana kwenye kijumba cha kupanga."

"Inuka kwanza."

"Siinuki mpaka useme."

Kulikuwa na mvulana wa sekondari ameshika kikombe cha tambi, hajui apite wapi.

"Sifungi," nikasema. "Inuka, huyu anataka maji ya moto."

Akainuka. Akanishika mikono yote miwili, akalia.

"Kaka yangu kakukosea, lakini wewe ndiye dada yangu wa kweli."

Niliamini. Ningeachaje kuamini? Mtu kapiga magoti sakafuni mbele ya watu.

Basi nikabaki.

Siwezi kuwasimulia miaka iliyofuata vizuri, maana siikumbuki vizuri. Nakumbuka taa nyeupe ya dukani. Nakumbuka nilikuwa nalala kwenye maboksi chumba cha stoo, nikisikia kengele ya mlango naamka kabla sijaamka. Nilikuwa nakula kile kilichopitisha muda, nimesimama, na sikuwa najua nakula nini mpaka nisome karatasi ya juu.

Wafanyakazi walikuwepo wawili watatu, wanafunzi. Mitihani ikifika hawaonekani.

Wateja waliniuliza, "Mama, mumeo yuko wapi siku hizi?"

"Amesafiri kidogo."

"Kidogo gani hiyo? Au ameoa Osaka?"

"Labda. Nikuwekee na kijiko?"

Wanacheka, wanaondoka.

Halafu kuna ile siku ya kaka yangu.

Kaka yangu Isao yuko Kochi, mkoa wa jirani, ndiye aliyekuwa anaishi na mama. Alipiga simu nikiwa kaunta.

"Chizuru. Mama amefariki."

Nikamwambia, "Subiri kidogo, kuna mteja."

Ndiyo. Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Nikauza kahawa na sigara, nikarudisha chenji, nikasema asante sana. Halafu nikachukua tena simu, nikamkuta bado anasubiri.

"Unakuja lini?" akauliza.

"Nikipata mtu wa kunishikia."

Nikampigia Kuwabara.

"Pole sana, Bi Ninomiya. Kampuni ina utaratibu wa kutuma mtu wa kukushikia. Ila ombi linatakiwa kuletwa mapema."

"Mama hakunipa taarifa mapema."

Akasema ataona atafanya nini. Akafanya alichoweza, lakini mpaka huyo mtu anafika na mimi nafika Kochi, mama alikuwa ameshachomwa. Nilikuta Isao na shangazi zangu wameshamaliza kuokota mifupa kwa vijiti, kama desturi yetu, na kuitia kwenye chombo. Chombo kimeshafunikwa kitambaa cheupe.

Isao hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe na hilo duka lako."

Nikarudi na basi la mwisho. Sikulia. Nilijaribu, kwenye basi, maana nilikuwa na nafasi. Hayakutoka.

Mtauliza, hivi huyu mwanamke hakuwa na mtu hata mmoja?

Nilikuwa naye mmoja. Baba mkwe.

Tangu wiki ile Noriaki alipotoweka, mzee Tatsuji alikuwa anakuja kila asubuhi na kigari chake cha shambani. Siku ya kwanza alisimama kaunta, kofia mkononi.

"Nipe kazi."

"Baba, umri huu kazi gani?"

"Yoyote. Ila nipe ya huko nyuma, nisikoonekana na watu."

Nikampa ya vinywaji. Nyuma ya yale majokofu ya vioo kuna chumba chembamba cha baridi, mtu anaingia na kusukuma chupa kutoka nyuma ili mteja azikute mbele. Ni kazi ya kuumiza magoti na vidole. Hakulalamika hata siku moja. Nikimpa pesa anaiacha juu ya mashine ya kahawa. Alikuwa anachukua kahawa tu.

"Umekula?" ananiuliza.

"Nimekula."

"Uongo."

"Nitakula."

"Na huo nao uongo."

Msimu wa machenza ananiletea mfuko, anayamenya mwenyewe na kuyaweka karibu na mashine ya pesa, ili nile huku nahudumia. Kwa miaka ile, huyo ndiye aliyekuwa ndugu yangu. Nilikuwa nikichoka sana najiambia, Chizuru, unafanya haya ili huyu mzee asilale nje. Nikishasema hivyo naweza kusimama tena.

Katikati ya hapo Satsuki alihamia kule mlimani na watoto wake. Alisema anakwenda kumtunza baba. Mtaa mzima ukamsifu. Na mimi nikamsifu.

Sasa sikilizeni hapa.

Siku moja mchana waliingia mafundi wa paa, wameloa jasho. Mkubwa wao mtu wa maneno mengi.

"Mama, kuku wa kukaanga wamebaki?"

"Wapo. Mnafanya kazi wapi leo?"

"Pale juu mteremkoni. Nyumba kubwa, ya Bi Satsuki. Tunabadilisha vigae vyote."

"Ya mzee Ninomiya," nikamrekebisha.

"Yule mzee? Kwani si anaishi tu pale?"

"Nyumba ni yake."

"Basi hajiambii ukweli," akacheka. "Jana nilimuuliza habari ya mbao zilizooza, akaniambia kamuulize mwenye nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba si wewe? Akasema siyo mimi, ni binti yangu."

"Labda alikuwa anatania."

"Yule anatania? Mama, yule hata kutabasamu hatabasamu. Niongezee na mayai mawili ya kuchemsha."

Nikamwongezea. Nikamrudishia chenji. Nikasema asante sana.

Halafu nikamwambia mwanafunzi aliyekuwepo ashike kaunta, nikavaa jaketi, nikaingia kwenye chumba cha baridi.

Mzee alikuwa amepiga magoti, anapanga chupa za chai.

"Baba."

"Mm."

"Nyumba ni ya nani?"

Mikono yake ikasimama.

Upande wa pili wa rafu mteja akafungua kioo, akachukua chupa, akafunga. Mzee akasukuma chupa nyingine kuziba pengo.

"Nani kakwambia?"

Hapohapo nikajua. Mtu asiye na cha kuficha angesema, "Ni yangu."

"Nimekuuliza, ni ya nani?"

"Ya Satsuki."

"Na mashamba?"

"Na mashamba."

"Tangu lini?"

Akakaa chini kwenye kreti. Pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi.

"Kabla Noriaki hajaondoka."

Akaendelea mwenyewe.

"Alinifuata shambani. Akasema baba, duka linazama, halitoki. Tukifunga, wanakuja kwako. Hamisha kila kitu, mpe Satsuki, halafu mimi nitaondoka."

"Akaondoka."

"Alisubiri uhamisho ukamilike kwanza."

"Na Satsuki alijua?"

"Alijua."

Nikakumbuka paji la uso likigusa sakafu. Siku ile alivyokuwa anaililia nyumba, nyumba ilikuwa tayari ni yake.

"Na mimi, baba? Kwenye huo mpango wenu mimi niliwekwa wapi?"

Akageuza chupa ya chai mkononi.

"Duka likiendelea kufunguliwa, kampuni inapata chao, hakuna atakayekuja kuchunguza nyumba ni ya nani. Miaka ikipita, mambo yanakuwa ya zamani. Nilimuuliza Noriaki, nani atafungua duka wewe ukiondoka? Akasema, Chizuru. Nikamwambia naye si atakimbia? Akasema, namjua. Huyo hawezi kukuacha wewe ulale nje. Atabaki."

Mteja mwingine akafungua kioo. Safari hii mzee hakusukuma chupa.

"Kwa hiyo alijua nitabaki."

"Ndiyo."

"Na wewe kila siku unaniuliza kama nimekula."

"Ndiyo."

"Ungeniambia neno moja tu, baba."

"Ningekuambia, ungefunga."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana sikukuambia." Akajifuta pua kwa mkono wa glavu. "Kila asubuhi nikija nilikuwa natamani nikute umeondoka. Halafu nikikuta uko kaunta, nashukuru. Yote mawili, mwanangu. Sitakudanganya tena."

Ndugu wasomaji, najua mnasubiri nimpige chupa ya chai. Na mimi nilisubiri. Nilisimama pale nikiisubiri hasira, nikajua inakuja, inakuja... haikuja. Nilichokuwa nakisikia ni baridi ya vidole, basi.

Nilimlinda mzee asipoteze nyumba aliyokwisha kuitoa. Niliacha kumzika mama yangu kwa ajili ya nyumba ambayo hakuna mtu angeweza kuifikia kirahisi. Kampuni ilidhani dhamana yake ni nyumba ya mlimani. Kumbe dhamana ilikuwa mimi, na waliojua hivyo walikuwa watu wa nyumbani kwangu.

Nikatoka. Nikamwambia mwanafunzi, "Nenda nyumbani. Leo tunafunga."

"Tunafunga... duka?"

"Duka."

"Linafungwaje?"

Swali zuri. Ule mlango wa kioo unaojifungua wenyewe kwa umeme, ufunguo wake hakuna aliyewahi kuuona. Duka halijawahi kufungwa tangu lifunguliwe, ufunguo ungekuwa wa nini?

Wateja wa mwisho walipotoka nikapanda kiti, nikazima umeme wa mlango. Ukasimama katikati. Nikauvuta kwa mikono mpaka ukakutana. Nikachukua boksi la vibanzi vya viazi, nikalipasua, nikaandika kwa kalamu nene: TUMEFUNGA.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, hajui aweke wapi mikono yake.

"Baba, shika hapa."

Akashikilia boksi. Nikapiga gundi ya karatasi.

Haikupita saa, Kuwabara akafika mbio. Aligonga kioo, nikamfungulia kwa kuuvuta mlango.

"Bi Ninomiya, mlango umeharibika?"

"Hapana. Nimefunga."

"Huwezi kufunga."

"Nimeshafunga, Bwana Kuwabara. Kesho naenda kwa mwanasheria kutangaza kufilisika."

Kwa mara ya kwanza nilimwona tai yake imekaa upande.

"Unaelewa kwamba sasa tutamwendea mdhamini?"

"Naelewa."

"Nyumba ya mzee... Kuna jambo lolote kuhusu ile nyumba ambalo kampuni inapaswa kulijua?"

Hapo nilikuwa na kila kitu mdomoni. Neno moja tu ningewamaliza wote, kaka mtu na dada mtu. Na nikinyamaza nakuwa bado nawalindia. Nikaona vyote viwili ni kazi, na mimi sikuwa na nguvu ya kufanyia kazi upande wowote.

"Bwana Kuwabara," nikasema, "zamu yangu imeisha."

Nikaanza kuzima mashine ya kahawa.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mzee.

"Kijana. Nyumba niliihamisha."

"Samahani?"

"Nyumba na mashamba. Nilimpa binti yangu ili nyinyi msivipate. Mwanangu ndiye aliyenishauri, kabla hajakimbia."

Kuwabara akamsogelea, akashusha sauti.

"Mzee, unajua unachokisema? Ukishaniambia mimi hivyo, nalazimika kuripoti."

"Ripoti. Ila ukiandika, andika na hili. Huyu hapa hakujua. Kajua leo. Usipoandika hilo, sikusema kitu."

Kuwabara akatoa daftari lake.

"Nitaandika," akasema.

Yule mama mwanasheria alinieleza baadaye kwamba maneno yale yaliniokoa. Mahakama ingedhani nilishiriki kuficha mali, ingeweza kukataa kunifutia deni. Sijui kama mzee alilijua hilo au aliropoka tu kwa kuchoka. Sikumuuliza.

Deni langu likafutwa.

Kampuni ikamshtaki Satsuki kutaka uhamisho ubatilishwe. Wakaishia kuelewana: akauza mashamba yote ya machenza, akalipa, akabaki na nyumba yenye paa jipya.

Alinipigia simu kabla hawajaelewana.

"Umetuuza."

"Sikusema kitu."

"Mwongo mkubwa wewe. Baba hawezi kujisemea mwenyewe mambo kama yale."

"Muulize."

"Hazungumzi na mimi."

"Basi pole."

Mpaka leo mtaa mzima wa bandarini unaamini nilimchongea mzee wa watu. Nimeacha kukanusha.

Sasa hivi niko Matsuyama, nafanya kazi jikoni kwenye hospitali moja, naosha masufuria. Ikifika jioni mtu mwingine anavaa aproni, mimi naondoka. Siku za kwanza nilikuwa nasimama mlangoni nimeshavaa viatu, sijui niende wapi. Wenzangu wakanicheka, "We Chizuru, kwani unasubiri kufukuzwa?" Kaburi la mama nimeshalitembelea. Mzee sijaenda kumwona.

Na Noriaki?

Alipiga. Namba nisiyoijua, nikiwa natoka kazini.

"Chizuru... ni mimi."

"Mimi nani?"

"Noriaki."

"Ndiyo."

"Nimesikia duka limefungwa."

"Ndiyo."

"Na nyumba ya baba? Imepona?"

Nilikuwa nasubiri swali la pili. Watu walikuwa wananipita kwenda kituo cha tramu, na mimi nimesimama na simu sikioni, nampa nafasi. Nilisubiri kweli.

"Chizuru? Umenisikia? Nauliza nyumba."

"Muulize mwenye nyumba," nikasema.

Nikakata, nikapanda tramu.

Ndugu zangu, somo langu ni fupi. Siku mkikaa mezani kusaini dhamana, mke, mume, mkwe, yeyote, msiishie kuuliza nani kaweka nyumba na nani kaweka shamba. Uliza hivi: mambo yakiharibika, ni nani kati yetu ambaye wote wana uhakika hatakimbia?

Huyo ndiye atakayelipa. Jina lake liwe limeandikwa kwanza, liwe limeandikwa mwisho, wengine wote wameshampigia hesabu.

Na kama ukiangalia kushoto na kulia humwoni ni nani... basi usigonge muhuri. Ni wewe.